Duara kwenye Kioo cha Dirisha

Nyumbani kwa Bartholomeo Kalinga, pale Mafinga, mgonjwa alikuwa kitandani na moyo wake ulikuwa dirishani. Roza, mkewe, aliibandika picha ya eksirei kwenye kioo cha sebuleni ili mwanga wa nje upenye, na kila aliyekuja kutoa pole aliongozwa kwanza pale.

"Hapa ndipo moyo ulipokufa," Roza alisema, akigusa duara jekundu alilochora daktari. Wageni waliguna, kisha wakaingia chumbani wakinyata na kumsalimia Bartholomeo kwa sauti za msibani.

Hiyo ilikuwa adhabu kwa mtu aliyepasua mbao miaka ishirini, yeye juu ya gogo na shemeji yake Filemoni chini shimoni, wakivutana msumeno. Mwaka 1976, msumeno ukiwa katikati ya gogo, kifua kilimbana akaanguka. Hospitalini Mbeya walisema kipande cha msuli wa moyo kimekufa kwa kukosa damu. Pichani hapakuonekana kitu ila kivuli, ndiyo maana daktari akachora duara kuwaonyesha mahali penyewe. Alieleza mengi siku ile. Roza alirudi na neno moja tu: kimekufa.

Miezi mitatu ikapita hivyo. Maji ya kunawa aliletewa kitandani. Akienda chooni, Roza alimfuata na kigoda, asije akaishiwa nguvu njiani. Akisimama mlangoni kuota jua, aliitwa.

"Baba Tadeo, rudi ukalale."

"Nimelala tangu Januari, Roza."

Hapo alinyooshewa kidole dirishani. "Wewe unaweza kunidanganya. Picha haidanganyi." Na fremu ya dirisha lile aliiranda Bartholomeo mwenyewe, kwa mikono yake, akajisifu nayo mtaa mzima. Alimpenda mkewe na alitamani kumtoroka, yote mawili kabla ya chai ya asubuhi.

Siku ya kurudi Mbeya ilipofika, Filemoni alipata lori la mbao, na pembeni mwa dereva palikuwa na nafasi ya watu wawili tu. Roza alibaki barabarani analia. Kule hospitalini Filemoni alijilaza kwenye nyasi za nje akasinzia, kwa hiyo aliyoyasema daktari yaliingia katika masikio ya Bartholomeo peke yake.

Daktari aliinua picha mpya kwenye taa. "Kivuli ni kile kile," akasema.

Bartholomeo akanywea. "Basi sijapona."

"Mzee Kalinga, nani kakwambia picha hii inaonyesha kupona? Palipokufa hapafufuki, panakuwa kovu. Ila pembeni mwa kovu mishipa midogo ya damu huweza kukua, ikapitisha damu pale njia kubwa ilipoziba. Mashine yangu haiwezi kuiona. Mimi nitaitazama kwenye miguu yako. Tembea kidogo kila siku, ukiona unahema kidogo kuliko jana, picha ndiyo hiyo."

"Na msumeno?"

"Msumeno sahau. Kitanda nacho sahau."

Safari hii daktari hakuchora duara, maana mahali penyewe palikwisha kujulikana.

Ndani ya lori Filemoni aliuliza, "Shemeji, duara bado lipo? Maana kama limeisha, Jumatatu shimoni. Yule mtu niliyemwazima anavuta msumeno kama anakamua ng'ombe."

Bartholomeo aliibana bahasha ya picha kifuani. Akipeleka picha isiyo na duara, atarudishwa kwenye gogo, na gogo litammaliza. Akiwaambia duara ni lile lile, atarudi kitandani, nako ataisha. Akieleza mambo ya mishipa isiyoonekana, nani atamsikiliza? Mgonjwa hana neno mbele ya picha.

Makambako lori liliposimama, wenzake wakashuka kunywa chai. Mfukoni mwa koti lake kulikuwa na kipande cha chaki nyekundu ya nta, ile ya kuwekea magogo alama. Akachora duara nusu ya lile la kwanza.

Roza aliziweka picha mbili dirishani zikiwa sambamba. Alitazama muda mrefu, kisha akaketi sakafuni. "Limepungua," akasema, akalia kwa furaha. Filemoni akaenda zake kwa mtu wake wa kuazima.

Siku ya pili yake Bartholomeo aliruhusiwa kufika kwenye ua. Wiki iliyofuata akafika barabara ya lami, halafu nusu ya kilima cha kanisani, Roza nyuma na kigoda chake. Pumzi ilirudi kidogokidogo. Lakini raha haikurudi nayo, kwa sababu njia ya mwongo ni fupi, na kila Roza alipoikaribia ile picha, yeye alisahau alichokuwa anasema. Aliona aibu. Alikuwa ametoka chumbani, akajifungia ndani ya duara.

Jumamosi moja Roza alisema ana usafi wa nyumba, basi aende peke yake. Akapanda kilima chote bila kusimama, akateremka anapiga mluzi. Mlangoni akasikia harufu ya sabuni. Vioo vyote vilikuwa vimeoshwa, na picha nazo zilipanguswa.

Kwenye picha mpya duara lilikuwepo, lakini dogo kama kifungo cha shati, tena lilipindapinda. Halikuwa la mkono wake. Alipeleka mkono kwenye koti lililoning'inia ukutani. Mfuko ulikuwa mtupu.

Roza alikuwa ameinama anachambua mboga, ncha ya kidole chake ikiwa nyekundu.

"Limepungua tena," akasema bila kuinua macho. "Jumatatu nenda mpaka shimoni ukamsalimie kaka. Msumeno usiguse."