Haboba wa Miguu Sita

Ilikuwa mwaka ule wa unga wa njano wa msaada, tulipokula asida ya njano asubuhi na jioni, na mboga yake ilikuwa kudra isiyo na hata harufu ya karanga. Asida ni ugali, na kudra ni majani yanayoteleza kooni yenyewe, hata usipokuwa na nia ya kuyameza. Hapa mtaani kwetu Mangateen mpaka leo ukimuuliza mama mtoto wake alizaliwa lini, atakwambia kabla ya njano, au baada ya njano. Mwaka huo ndio mimi nilipowazaa watu-buibui.

Nasema niliwazaa kwa sababu hawakutoka kwa mtu mwingine. Kila Jumamosi mchana nilikuwa nawasuka wajukuu wangu nywele, na mtoto mwenye njaa hatulizi kichwa. Basi nikaanza kuwasimulia. Kuna watu, nikasema, kuanzia kiunoni kwenda juu ni mtu kama wewe, kwenda chini ni buibui. Mikono miwili, miguu sita. Mjukuu wangu mkubwa, msichana, aliyesomea Kenya mpaka familia iliporudi, akageuka na nywele mkononi mwangu.

"Haboba, buibui ako na miguu nane." Haboba ndiyo bibi, wananiita hivyo wote.

"Jumlisha na mikono," nikamwambia. "Halafu rudisha kichwa."

Shule sikwenda sana, lakini watu wangu niliwapanga vizuri. Hawatafuni. Wanatemea chakula mate, kinakuwa mchuzi, wanakunywa. Kwa hiyo kwao mzee asiye na meno anakula nyama sawa na kijana, hakuna anayesukumiwa supu tu. Masikio hawana, wanasikia kwa vinyweleo vya miguu. Mwanamke wao akitaka kutosikia umbea anainua miguu juu, lakini sijawahi kusimulia aliyeinua. Na wakinenepa wanavua ngozi nzima, mpaka ya vidole, wanaianika kwenye kamba. Jirani mmoja aliisalimia ngozi ya mwenzake asubuhi yote, ikawa haiitikii, akaenda kumshtaki kanisani kwa kiburi.

Sisi wanawake wa huku tunatarizi milaya, shuka za maua za kupamba kitanda, na uzi tunaufuata soko la Konyo Konyo kwa bodaboda. Wanawake-buibui uzi wanautoa tumboni mwao wenyewe. Na mmoja akikasirika na nyumba yake, anaila milaya yote, anaanza upya. Mimi nimeitamani hiyo mara nyingi.

Uchumba wao una adabu. Mwanamume hapigi hodi, anagusa uzi wa pembeni taratibu. Akiugusa vibaya anadhaniwa nzi, na hapo hakuna wa kumtetea. Akikaribishwa, analeta nzi aliyefungwa vizuri kwa uzi mweupe, na mashangazi wa binti wanamfungua pale pale mbele ya watu, maana wapo wanaume wanaofunga maganda matupu.

Siku moja mjukuu wangu akarudi kutoka shule ameshangaa. "Haboba, hiyo ya zawadi ni kweli. Mwalimu wa biolojia amesema. Na harusi ikiisha, bibi-arusi anaweza kumla bwana."

Hilo nililiingiza kwenye hadithi bila kufikiri mara mbili.

Sasa, shule yao ikaita wazazi. Kila mtoto asimame asimulie hadithi ya kwao. Kwetu hadithi ina mwenyewe. Ukitaka kuisema mbele za watu unakuja, unaomba, na ukipewa unaisema ilivyo. Mjukuu wangu akaja, akakaa chini vizuri, akaomba.

"Lakini mwisho nataka kubadilisha kidogo, Haboba."

"Kidogo kama nini?"

"Kuna buibui wengine, watoto wakizaliwa, mama analala chini na wanamla. Yote. Hata miguu."

"Naye anasema nini?"

"Hasemi kitu. Ni mapenzi, Haboba. Hata mama wadogo wanaliwa. Kwa hadithi nataka haboba wao mwenyewe ndiye alale. Watu watalia."

"Mama yako mdogo wa New Site aanze yeye, amenona."

"Haboba, si uelewe kwanza."

Nikaweka sindano ya milaya chini. "Haboba haliwi. Kama mna njaa, pikeni."

Alininunia. Maji akawa ananiletea bila kuniangalia. Kisha akaanza kunipunguzia bei kama yuko sokoni. Je, wakila mguu mmoja tu? Nikasema sita ni sita. Je, akifa kwanza mwenyewe, ndipo aliwe? Nikamuuliza kama yeye angependa kuliwa hivyo na dada zake. Akaenda kufua.

Sikumweleza, lakini mwaka ule wa njano nilikuwa nasema nimeshiba wakati kijiko changu hakijalowa. Mashavu yangu yaliliwa, matiti yangu yaliliwa na mama yao zamani, viatu vyangu vizuri viliuzwa vikaliwa. Sijuti. Ila niliwatengeneza wale watu kwa kichwa changu mwenyewe, na nilitaka humo ndani awepo haboba mmoja anayekaa mbele ya sufuria, na bakuli lake, mpaka mwisho.

Siku ya shule nikavaa vizuri, nikakaa mstari wa mbele. Ruhusa sikuwa nimempa, na yeye hakuwa ameuacha ule mwisho wake. Alipoitwa nikashika fimbo.

Yule mtoto anajua kusema. Sisemi kwa sababu ni wangu, ingawa ni wangu. Kwenye ngozi iliyosalimiwa watu walicheka mpaka kiti kimoja kikavunjika. Kwenye bwana-arusi kuliwa, kina mama walipiga vigelegele, na wanaume wakatazama simu zao. Kisha akashusha sauti. Njaa iliingia nchi ya watu-buibui, akasema, unga ukawa wa njano. Haboba wao akalala chini, akaita watoto. Wakaja, wakamzunguka, vinyweleo vya miguu vikisikia tumbo lake likinguruma kama yao.

Pale akaikatisha hadithi. Akanitazama mimi.

"Haboba," akasema kwenye kipaza sauti, "wakafanya nini?"

Mwalimu wa biolojia, aliyekaa karibu yangu, akaniinamia kwa heshima. "Mama, kisayansi wanamla."

Sikubishana. Sayansi ni yake, buibui ni wangu. Nikasimama na fimbo yangu, nikasema mpaka mlinzi wa getini akasikia:

"Haboba haliwi. Kama mna njaa, pikeni."