Dakika tatu za simu ya Damiani tulizimaliza kwa salamu

Wakuu, heshima kwenu. Nyie wajukuu mnaosoma, shikamoo zenu nimeshazipokea, marahaba, msipoteze muda kuziandika. Mtaona huko mbele kwa nini nasema hivyo.

Mimi ni bibi wa Mwika. Shule niliishia darasa la nne, na hapa naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie. Herufi naweza kukosea, majina ya watu sikosei. Na haya sijayatia chumvi. Ningekuwa natunga, ningejitungia mahali pazuri zaidi pa kusimama.

Wiki hii mjukuu wangu Glori ameingia kambini, mafunzo ya jeshi. Simu zao zimechukuliwa, na hapa mjini kwa baba yake, nilikokuja kukaa, nyumba nzima tunasubiri apewe nafasi apige. Baba yake, Damiani, ambaye ni mwanangu wa kumzaa, kila simu ikilia anaruka.

Nikimwona anavyoruka, nakumbuka simu yake mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya tisini, ile ya mwishoni. Bei ya kahawa ilishaanguka, wenye umri wangu mnakumbuka. Damiani akaona wenzake wanalima nyanya, wanashusha sokoni Kiboriloni, mambo yanakwenda.

Jumapili moja mume wangu Gaspari yuko misa, kijana akachukua jembe akang'oa mistari miwili ya kahawa.

Gaspari alirudi na koti lake la kanisani. Hakupiga kelele. Alisimama pale kihambani, kwenye shamba letu la ukoo, akiangalia mizizi imeelekea juu, akasema, "Hii aliipanda baba yangu. Umemng'oa babu yako."

Damiani akajibu, "Baba, babu hatulishi."

Laiti ulimi ungekuwa na mlango.

Haukupita mwezi, akapata nafasi jeshini. Aliondoka bila kumuaga baba yake. Gaspari akatamka mbele yetu wote: "Asiponiletea sale, asinisalimie."

Kwa wasiotoka kwetu, sale ni lile jani refu tunalopanda kwenye mipaka ya kihamba na makaburini. Ukimkosea mtu unamwendea nalo mkononi. Akiliona, hata awe na hasira ya namna gani, hawezi kukataa kukusamehe. Ndiyo mila yetu.

Sasa kuruta aliyefungiwa huko kwenye nchi kame atalipata wapi sale?

Baada ya miezi miwili ikaja barua. Kwamba Jumapili fulani, saa nane mchana, atapiga simu dukani kwa Mzee Shabani, Kiboriloni. Kila kuruta anapewa dakika tatu. Mwisho aliandika: "Naomba baba awepo."

Gaspari nilimsomea hiyo barua akiwa anakatia ng'ombe majani. Aliendelea kukata tu. Ila Jumapili ile nilimkuta asubuhi anapiga viatu rangi.

Hapo ndipo nilipokosea, wakuu. Ningekwenda mimi na yeye tu, basi. Lakini kwetu mtoto ni wa ukoo. Utakwendaje kusikia sauti ya mtoto ukamwacha kaka mkubwa wa mume wako? Nikamwambia shemeji Kanuti. Kanuti akija, wifi Felista ataachwaje? Na binti yangu Yosefina naye akavaa. Tukashuka watu watano kwa ajili ya dakika tatu.

Dukani tulimkuta Mama Rukia wa Pasua. Mwanawe Juma alikuwa kambi hiyo hiyo. Simu yake ikaanza. Akashika, akasema, "Juma, sema mwanangu." Akanyamaza kabisa, anasikiliza tu. Mwisho akasema, "Nimesikia. Mungu akulinde." Akaweka.

Felista akaninong'oneza, "Huyu mama ana moyo wa jiwe! Hata hajamuuliza kama anakula!"

Tukamcheka, mnasikia? Tukamcheka.

Simu ikalia tena. Yetu.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba baba! Hujambo? Umeamkaje? Unakula? Baridi iko huko? Wenzako hawajambo? Kifua kimepona?"

"Nimepona mama. Nipe baba, nina neno moja tu."

"Ngoja kwanza, msalimie baba mkubwa. Utampitaje?"

Nikampa Kanuti. Kanuti alikuwa hajawahi kushika simu, anapiga salamu ya Kichagga kwa kelele kana kwamba anamwita mtu ng'ambo ya bonde. "Shimbonyi! Damiani! Ile ng'ombe imezaa! Dume! Lina alama nyeupe hapa!" Na alama anaionyesha kwenye paji la uso wake, mtoto ataiona?

Mama Rukia akasema, "Nyie watu wa mlimani, mtasalimiana mpaka kambi ifungwe!"

Nikamwambia Gaspari ashike. Yeye kakaa mwisho wa benchi, kofia mapajani. "Mimi mwisho," akasema. Aliyekosewa hakimbilii simu, ndivyo alivyoona.

Felista akashika, akalia kidogo, akamwambia asisahau rozari. Yosefina akashika. Nikamsikia anasema, "Haya, haya, ngoja nampa baba."

Gaspari akainuka. Akaweka kofia juu ya benchi. Akafuta mkono kwenye koti. Waya wa simu ulikuwa mfupi, ikabidi azunguke magunia ya chumvi afike mezani.

"Alo? Damiani?"

Alikaa na ile simu sikioni muda mrefu, mpaka Mzee Shabani akaipokea taratibu mkononi mwake.

Gaspari akavaa kofia. Akasema, "Amejua ni mimi, akakata."

Wakuu, mimi nilijua hakukata. Nilijua dakika zimeisha. Na nilijua nani alizila: mimi, Kanuti, Felista, Yosefina. Ningesema, ningekuwa najishtaki mbele ya Mama Rukia tuliyemcheka. Nikanyamaza. Nikajiambia nitamweleza nyumbani.

Nyumbani kulikuwa na wageni. Kesho yake akaamka amenuna. Kila nikitaka kusema, nasema ngoja moyo utulie, mtoto atakuja likizo wamalizane.

Masika yale Gaspari akashikwa na kifua. Hakumaliza wiki mbili.

Damiani alifika siku ya tatu baada ya mazishi, na magwanda yake. Hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja mpakani akakata sale, akaliweka kaburini. Kisha akanigeukia.

"Mama, siku ile ya simu, Yosefina aliposema anampa baba, afande akaniambia muda umekwisha. Nikasema haraka haraka, baba nisamehe ile kahawa. Ikakatika. Alinisikia?"

Lile neno lilitoka wakati simu iko mkononi mwa Yosefina, hewani, Gaspari anazunguka magunia ya chumvi. Hakuna sikio lililolipokea.

Nikamjibu, "Alikusikia, mwanangu."

Akalia kama mtu aliyetuliwa mzigo. Kila Desemba akipanda Mwika na familia anakata sale jipya anampelekea baba yake, anasema ni la asante. Mimi nasimama pembeni, nimebeba yote mawili: uongo niliomwambia mtoto na ukimya niliomfanyia mume.

Kanuti hayupo tena, Felista hayupo, Mama Rukia nilisikia alifariki. Yosefina yupo, ila hajui nilichomjibu ndugu yake; anayejua yote nimebaki mimi.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Mtu akikupigia kutoka mbali, mwache aseme kwanza. Salamu haziozi. Glori akipiga, nimeshaagiza: simu apewe baba yake, na wengine wote tukae.

Sasa nishaurini, hasa nyie mliozika wazazi. Damiani nimwambie baba yake hakulisikia lile neno, na kwamba alikufa anadhani amekatiwa simu? Au nimwachie hiyo asante yake, mimi niende na siri yangu?

Mkijibu jibuni moja kwa moja. Salamu acheni.