Chai Iliyopigwa Picha

Mwaka wangu wa tatu wa kusomea fizikia nilirudi Busia likizo, nikakuta chai ya mama haiuziki. Saa nne asubuhi birika lilikuwa bado limejaa, na mandazi yamefunikwa kama yalivyotoka nyumbani. Mama amewauzia madereva wa malori chai tangu nikiwa darasa la pili. Chai hiyo ndiyo iliyonisomesha, na bado nilibakiza mwaka mzima.

Chanzo kilikuwa ile skana ya mizigo pale mpakani. Lori huingia, dereva huteremka, mashine huvipiga picha vilivyo ndani kwa mionzi ya eksirei. Kibanda cha mama kiko nje tu ya ua wa skana hiyo. Dereva mmoja alisema mionzi inaruka ua na kuingia kwenye birika, na wenzake wakamwamini.

"Mama, chai yako imepigwa picha," mmoja alimwambia nikiwa papo hapo. "Mimi bado nataka watoto."

Mama akanigeukia. "Si wewe ndio unasoma hizi vitu? Ambia yeye iko sawa."

Nilijua mionzi hiyo haibaki kwenye chai, kama vile mwanga wa tochi usivyobaki kwenye maji ukishaizima. Lakini mama mwenyewe, anayekaa pale kutwa?

"Chai haina shida," nikasema. "Lakini kama mionzi inafika hapa kwa mama, sijui. Lazima ipimwe."

Dereva akacheka, akaenda zake.

"Miaka tatu," mama akasema, "na jibu ni sijui?"

Iliniuma. Majirani walikuwa wameshaniuliza fizikia ni kazi gani, nikakosa la kuwaambia. Sasa hata mama alikuwa anauliza.

Kuuliza si ujinga. Kesho yake nilikwenda kwenye lango la skana, nikaelekezwa kwa afisa wa usalama wa mionzi. Sikujua kuna kazi kama hiyo! Kifuani alivaa beji ndogo inayorekodi kiasi cha mionzi anayopokea. Nani huisoma? Kila baada ya muda gani? Ikizidi anafanywa nini? Nilimuuliza mpaka nikasahau kilichonipeleka. Mwishowe nikamuuliza alisomea nini.

"Fizikia," alisema. "Kwani wewe ulifikiri nini?"

Alikuja kibandani na kipimo chake, tukangoja lori liingie kwenye skana. Namba ikapanda kidogo, ikashuka, ikatulia. Akasema ni ndogo sana, haina madhara. Nikawa tayari nimeshaanza kutabasamu.

"Na kwangu Burumba inasoma ngapi?" mama akauliza.

Afisa akacheka. Mama hakucheka.

"Bila hiyo, mimi nitajuaje hii ni kidogo?"

Nilitamani kujificha nyuma ya birika. Miaka mitatu ya maabara, na swali hilo halikunijia. Afisa naye aliacha kucheka. Alikuwa anaishi Burumba pia, basi saa ya chakula cha mchana tukaenda wote watatu. Akaweka kipimo kando ya kitanda cha mama. Namba ikatulia juu kidogo ya ile ya kibandani, hata ilipokuwa imepanda.

"Kumbe mashine iko kwangu!" mama akashtuka.

Afisa akamweleza kwamba udongo na matofali yana mionzi yake kidogo, na watu wameishi nayo tangu dunia iumbwe. Mama akagusa ukuta wake, akauangalia kwa muda.

Asubuhi iliyofuata yule dereva aliyetaka watoto alipita tena. Nilikuwa nimejipanga kumweleza, lakini mama alinitangulia.

"Tulipima hapa, tukapima kwangu. Hapa iko chini. Keti, boss."

Akaketi, akanywa vikombe viwili.

Siku hizi nami navaa beji kama ile, kwenye skana ya mpaka wa Malaba. Kila asubuhi, kabla sijasogea karibu na mashine yoyote, huenda kwanza mbali nayo nikapima huko. Wenzangu hudhani nilifundishwa chuoni.