Pesa Zilizozidi Kwenye Kopo

Mwanangu, nimewahi kuambiwa mara nyingi kwamba pesa zangu zimepungua, na nyingi katika siku hizo nimezisahau. Siku niliyoambiwa kwamba zimezidi ndiyo ninayoikumbuka mpaka leo.

Nilikuwa na miaka thelathini na mbili. Ndoa yangu ilikuwa imevunjika, nikarudi kwa mama yangu hapa Mwembesongo na mtoto mmoja na mabegi mawili. Kwa akiba ndogo niliyokuja nayo nilipanga chumba chenye tanuri la kuni nyuma na dirisha mbele, nikaanza kuoka mikate. Asubuhi nilipakia mingine kwenye baiskeli, nikaisambaza madukani. Mama alikaa dirishani akiuza iliyobaki, na pesa zote, hata zile nilizorudi nazo mimi, alizitunza yeye kwenye kopo la maziwa ya unga. Jioni nilihesabu kopo na kuandika kwenye daftari tumepata kiasi gani. Mwisho wa mwezi nilitoa matumizi, kilichobaki nikakiita faida. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yangu yote.

Niliiona inatosha, maana kila mwezi nilibaki na kama laki moja. Nilinunua kitanda. Nilimhamishia mtoto shule ya kulipia. Nilianza kutembea kifua mbele, mimi niliyerudi nyumbani nikiinamisha kichwa. Siku moja mama aliniambia kwamba ngano imepanda bei na mkate wetu bado tunauza shilingi mia mbili na hamsini. Nikamjibu, "Mama, wewe kaa dirishani tu. Hesabu niachie mimi." Aliendelea kupanga mikate.

Basi nikataka kukua. Nilipania kufungua duka la pili Gairo, na wakopeshaji wakakubali kunisikiliza kwa masharti mawili: niweke rehani nyumba ya mama, na nipeleke vitabu vya hesabu vya mwaka. Mama alisema tungoje kidogo. Nikaona huo ni woga wa uzee tu.

Vitabu sikuwa navyo, nilikuwa na daftari. Nikalipeleka kwa Mzee Bonifasi, jirani yetu aliyekuwa karani wa hesabu kwenye mashamba ya miwa mpaka alipostaafu. Nilimpa shikamoo, nikamweleza kwamba nataka aninakilie tu vizuri, kwa mwandiko wake wa kiofisi. Alifungua kurasa mbili tatu, akavua miwani.

"Mwanangu, siandiki nisichokielewa," alisema. "Niletee risiti zako za ngano."

Nilikereka, lakini nikaenda kuzileta. Alichukua karatasi safi, akapiga mstari katikati kutoka juu mpaka chini, kisha akanieleza taratibu, kama vile muda haumhusu. Kila jambo la biashara, alisema, huandikwa mara mbili. Kushoto unaandika kilichoingia, kulia unaandika kilikotoka. Ukinunua ngano kwa pesa taslimu, ngano imeingia, iandike kushoto. Pesa ndizo zilizotoka, ziandike kulia. Ukiuza mkate, pesa zimeingia, ni kushoto. Zimetokana na mauzo, na mauzo yanakaa kulia. Ukiweka pesa yako mwenyewe mfukoni mwa biashara, hiyo si mauzo, ni mtaji, nayo ina mahali pake kulia. Mwisho unajumlisha pande zote mbili. Zisipolingana, kuna jambo lilitokea nawe hukuliandika.

"Haya, tuanze na mwezi uliopita," akasema.

Risiti zilionyesha mifuko kumi na miwili ya ngano. Nilijua kila mfuko unanipa mikate mia moja na arobaini, hilo nililijua kwa mikono yangu. Akazidisha. Hata kama hakuna mkate hata mmoja ulioungua wala kugawiwa bure, mwezi mzima haikuwezekana niuze zaidi ya laki nne na elfu ishirini. Akaandika kulia. Halafu akajumlisha nilichohesabu kwenye kopo jioni zote za mwezi ule, akaandika kushoto. Laki tano na elfu arobaini.

Alirudia mara ya pili, kisha ya tatu. Mimi nilikuwa nacheka kidogo, nikidhani mzee amechoka.

"Una laki moja na elfu ishirini ambazo hazina mahali zilikotoka," alisema. Akanitazama usoni. "Umeziongeza wewe kwenye daftari ili mkopo upite?"

Nilihisi nimepigwa kofi. Niliapa mbele yake. Nilimwambia pesa zile nilizishika, zilikuwamo kwenye kopo, noti kwa noti. Alinisikiliza mpaka mwisho, na uso wake ukabadilika. Alirudi kwenye matumizi: ngano laki tatu, sukari na hamira na mafuta elfu sabini, kuni elfu arobaini, pango elfu thelathini. Jumla laki nne na elfu arobaini.

"Kwa hiyo biashara yako haina faida ya laki," akasema kwa sauti ya chini. "Kila mwezi inapoteza elfu ishirini. Kuna mtu anaitia pesa. Nani anakaa na kopo?"

Nilisimama, nikaacha risiti pale pale, hata kuaga sikuaga. Njiani mtu alinisalimia nikapita kama sioni. Nilikuwa najiambia haiwezekani, mama pesa atazitoa wapi, mama ambaye kanga zake zilikuwa mbili.

Nilimkuta dirishani akimrudishia mteja chenji. Nilingoja mteja aondoke.

"Mama, unatia pesa kwenye kopo?"

Alifuta mikono kwenye kanga. Sikumwona akishtuka. Nilimwona kama mtu aliyetua mzigo.

"Elfu nne," alisema. "Kila siku elfu nne. Siku mbaya naweka tano."

"Tangu lini?"

"Tangu ngano ilipopanda. Miezi kumi na moja sasa."

"Umezitoa wapi, mama?"

Akatazama nje, upande wa milima. "Yale matuta yetu ya shamba kule mlimani Mgeta nilimpa binamu yako. Alinilipa milioni moja na nusu."

Mwanangu, wewe wa siku hizi huenda hujui hilo lina uzito gani. Kwetu Waluguru ardhi inakwenda kwa upande wa mama. Matuta yale bibi yangu aliyapata kwa mama yake, mama akayapata kwa bibi, na baada ya mama yalikuwa yangu, kisha ya binti yangu. Palikuwa na maji mwaka mzima, kabichi, njegere, viazi. Nami niliwahi kusema kwa kinywa changu, mama akisikia, kwamba hakuna mtu mwenye akili atakayepanda mlima ule kwenda kupalilia kabichi.

Niliketi chini, sakafuni, kwenye unga. Sikulia, machozi hayakuja. Nilipiga hesabu kichwani bila kutaka: kitanda, ada ya shule, viatu. Nilikuwa nimelala juu ya shamba la bibi yangu nikiliita faida.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulivyorudi kutoka kule ulikuwa huli," mama alisema. "Ulikuwa huongei. Siku kopo lilipojaa ulikula, ukamwogesha mtoto ukiimba. Nikafikiri bei itashuka, mambo yatakaa sawa." Akasogeza kopo kando. "Na hesabu uliniambia nikuachie wewe."

Mkopo sikuuchukua. Kesho yake nilipandisha bei ya mkate, wateja wengine wakaondoka. Nikapunguza mifuko kutoka kumi na miwili hadi saba, mtoto nikamrudisha shule ya karibu. Mzee Bonifasi nilikwenda kumwomba radhi, akanifundisha kuandika leja, kile kitabu cha pande mbili, miezi minne bila kunidai hata shilingi. Jambo la kwanza aliloniandikisha lilikuwa jina la mama, upande wa kulia, na mbele yake milioni moja, laki tatu na elfu ishirini. Mama aliniuliza pale pameandikwa nini. Nilipomsomea alisema yeye hakukopesha mtu. Nikamwambia najua, ila kitabu lazima kiseme pesa zilikotoka. Aligusa karatasi kwa kidole, akarudi kwenye kazi yake.

Nilimlipa kidogo kidogo, ikachukua miaka sita. Nilipopanda Mgeta kwa mjomba, msimamizi wa ardhi ya ukoo, kuomba turudishiwe matuta, mjomba alinisikiliza, akaniita mtu mzima aliyeshindwa kumwona mama yake aliyekaa hatua tatu kutoka kwake. Binamu alikuwa ameshajenga pale. Matuta hayakurudi, na mama alifariki yakiwa ya wengine.

Kwa hiyo mwanangu, wewe unayefungua kibanda chako mwezi huu na kuandika mauzo kwenye simu, nisikilize. Usihesabu pesa peke yake, hesabu na bidhaa. Kila shilingi iliyoingia iulize ilikotoka, na kila iliyotoka iulize imeleta nini, uandike yote mawili siku hiyo hiyo. Pesa yako ya nyumbani usiichanganye na ya biashara hata kama ni mia tano. Na ikibidi uitie, iandike kwamba ni mtaji, usijidanganye kwamba umeuza. Hesabu ikikataa kulingana usiilazimishe, keti nayo mpaka ikuambie. Usifurahie ziada kabla hujaijua, maana upungufu utautafuta mwenyewe, lakini ziada hakuna anayeitafuta. Na anayekaa na biashara yako kutwa akikwambia bei haitoshi, nyamaza umsikilize.

Mungu akupe riziki ambayo unajua ilikotoka. Akupe mkono mwepesi wa kuandika na moyo wa kuuliza mapema. Wanaokupenda awaweke karibu nawe, nawe uwalipe wangali hai.