Mshono wa Kumi na Saba

Kwa miaka mitatu Bi Subana hakuivua subana yake. Alioga nayo, akakanda unga nayo, akaenda nayo msibani na harusini. Kikofia kile cha chuma, kinachomkinga mshonaji asijichome sindano, kilikaa kwenye kidole chake cha kati kama pete ya mtu aliyefunga ndoa na hasira. Majirani walinong'ona kwamba mama wa watu amezeeka vibaya. Waache wanong'one. Yeye alikuwa akimsubiri mtu.

Mtu mwenyewe ni Bosi Marashi, mwenye karakana kubwa pale nyuma ya maegesho ya malori. Aliitwa Marashi kwa sababu harufu yake ilifika kazini saa mbili kamili, yeye mwenyewe saa nne.

Karakana hiyo ilipoanza ilikuwa kibanda cha mabati na bosi mwenye maneno mengi, basi. Mashine ya kushonea maturubai ya malori hakuwa nayo. Bi Subana alikuwa nayo, na akaja kazini na mashine yake kama bibi harusi anavyokwenda na masanduku yake. Ilikuwa nyeusi, nzito, aliyorithi kwa baba yake. Wanaume wanne waliibeba, na lazima mmoja wao akakandwe mgongo jioni. Ilitoboa ngozi ya ng'ombe na mpira wa tairi, na siku moja ilishona kivuli cha mteja aliyesimama karibu mno, maskini ya Mungu akashindwa kuondoka mpaka walipomfumua kwa mkasi. Asiyeamini akamuulize huyo mteja, mpaka leo kivuli chake kina pindo.

Mashine ile ilikuwa na kilema kimoja tu. Jino la gurudumu lake la ndani lilivunjika zamani, kwa hiyo kila ikifika mshono wa kumi na saba inakohoa, kho, na mshono huo unatoka mrefu kidogo kuliko wenzake. Baba mtu aliambiwa aitengeneze, akakataa. "Iacheni," akasema, "mbona hata mimi nakohoa?"

Miaka kumi na tisa Bi Subana alishona pale. Karakana ikakua, kibanda kikawa jengo, bosi akapata kiti kinachozunguka. Halafu asubuhi moja, mbele ya wafanyakazi wote, Marashi akainua turubai alilolishona mama wa watu, akalitazama kwenye mwanga, akasema, "Mama, mshono wako siku hizi unachechemea kama wewe." Wafanyakazi wakacheka, wengi wao kicheko cha mtu anayetaka mshahara wake utoke. Akapewa sabuni mbili na karatasi ya kuachishwa kazi. Aliponyoosha mkono kuidai mashine yake, akaambiwa ilikufa wiki iliyopita, yeye akiwa kitandani na homa, ikauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

"Imeshayeyushwa, Mama," akasema Marashi. "Saa hizi ni masufuria."

Tangu siku hiyo Bi Subana hakuweza kupita kwenye duka la vyombo bila kusimama. Alikuwa akishika sufuria jipya, akaligonga kwa subana, akaliwekea sikio kama daktari anayesikiliza kifua. Na usiombe uingie jikoni kwake anapomkumbuka Marashi, maana maharage yaliiva kabla moto haujawashwa.

Basi Jumatano moja akaingia mtoto wa kaka yake, daktari wa mifugo. Ni mtu anayezunguka kwa wafugaji wa mbali, wiki mbili mbili, akilala ndani ya pikapu yake mpaka mgongo umekunjika kama ndoano.

"Shangazi, shikamoo. Nimekuja kuazima macho yako."

"Marahaba, baba. Haya macho hayaoni tena, labda nikuazime ulimi."

"Nimepata tela la kulala. Unalifunga nyuma ya gari, unapita nalo kwenye mawe na makorongo. Ukifika, unafungua, hema linasimama juu yake na kitanda ndani, jiko linavutwa ubavuni kama droo. Jipya kabisa. Ila bei yake, shangazi, ni nyumba ya vyumba viwili na choo cha ndani."

"Mh. Na linauzwa na nani?"

Akamtaja. Subana ikagonga meza, tik, yenyewe.

"Umelipa?"

"Bado. Jumamosi anawaonyesha wateja, hapo ndipo natoa jibu. Nataka uniambie kama lina thamani ya hiyo bei. Nikikosea hapa, sina nyumba wala sina tela."

"Jumamosi nakuja," akasema Bi Subana, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu akatabasamu, meno yote aliyobakiwa nayo yakionekana. "Njoo na shuka jeupe. Jeupe pepe."

Siku zile tatu hakulala usingizi mzuri kwa utamu wa mawazo. Kusema uongo hakutaka. Akimzushia Marashi kasoro ya uongo, Marashi ataikanusha kesho yake na kucheka. Alitaka kumgaragaza kwa jambo la kweli tupu, mbele za watu, na akiwa amevaa nguo nzuri.

Jumamosi karakana ilikuwa imefagiliwa. Wateja kama kumi na watano walisimama uani na soda mikononi. Tela lilikuwa katikati, limepakwa rangi ya mchanga. Marashi alikuwa ndani ya shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ingeweza kukata mkate. Alipomwona Bi Subana, marashi yenyewe yalipungua makali.

"Aa, Mama! Umekuja kututembelea?"

"Nimemsindikiza mwanangu," akajibu, "anunue mali yako. Au umenichoka?"

"Karibu, karibu sana," akasema Marashi, huku macho yakitafuta mlango.

Akaanza kazi. Alijilaza chini na umri wake ule, akaingia uvunguni mwa tela, miguu ikabaki nje kama ya fundi wa magari. Akaigonga chesisi kwa subana kutoka mbele mpaka nyuma, tik, tik, tik, akisikiliza palipochomelewa. Kila pahali pakajibu kwa sauti moja. Akapapasa springi, akatikisa ekseli, akaning'inia kwenye ndoano ya kuvutia kwa uzito wake wote. Alitamani sana kitu kikatike. Hakikukatika. Moyo ukamuuma.

Pembeni alisimama mchomeleaji wa karakana, mzee wa siku nyingi, aliyekuwa mmoja wa wasiocheka siku ile.

"Umechomelea wewe?" akamuuliza.

"Mimi, dada."

"Mungu akusamehe, umeifanya vizuri."

Kisha akatandika lile shuka ndani ya tela, mlango ukafungwa, tela likafungwa kwenye pikapu ya daktari, likavutwa mizunguko mitatu kwenye uwanja wa nyuma wenye mashimo na vumbi. Liliporudi, shuka lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na jiko la kuvuta lilikuwa limetema boliti mbili njiani.

"Vumbi kidogo ni kawaida," akasema Marashi.

"Kidogo?" akasema mteja mmoja. "Hapo unaweza kupanda mahindi."

Wakafungua hema. Na hapo ndipo Bi Subana aliposhika mshono wa kwanza.

Akautembeza ukucha. Moja, mbili, tatu. Akafika kumi na sita. Wa kumi na saba ulikuwa mrefu. Akahesabu upya kutoka hapo. Kumi na sita, halafu mrefu. Akaenda kona ya pili, akahesabu, na hata pale, kho, alikisikia kabisa kikohozi cha baba yake ndani ya kitambaa. Mashine haikuyeyushwa. Haikuwahi kuwa sufuria hata siku moja. Ilikuwa ndani ya jengo hilo, inamfanyia kazi Marashi, na yeye akaililia miaka mitatu kama aliyezika.

Daktari akamwona. "Shangazi, vipi? Umepata kasoro?"

"Sijapata," akasema polepole. "Bosi, mvua je?"

"Mvua?" Marashi akapata nguvu, akawageukia wateja. "Hili hema hata inyeshe mwezi mzima, halipitishi tone!"

Bi Subana alijua kitu ambacho Marashi hakukijua, kwa sababu katika miaka yote ile hakuwahi kukaa hata dakika tano mbele ya sindano.

"Basi ingia ulale," akasema kwa sauti ya asali. "Tumwage maji juu. Mwanangu akikuona umetoka mkavu, analipa leo leo."

Wateja wakapiga makofi. Angekataaje? Akavua viatu, akapanda, akajilaza chali na shati lake. Mchomeleaji akachukua mpira wa kuoshea magari, akamtazama Bi Subana. Bi Subana akaitikia kwa nyusi.

Tone la kwanza lilisikika, kisha neno moja lisilofaa kuandikwa. Halafu maji yakapenya kwenye mishono yote, mstari kwa mstari, kana kwamba hema linamlilia. Marashi alitoka huko akiwa amelowa chapachapa, nywele zimelala usoni, marashi yote yameoshwa. Wanasema paka wa karakana, aliyekuwa akimkimbia miaka yote kwa sababu ya harufu, siku hiyo ndiyo alimsogelea akamjua.

"Bovu!" akapiga kelele. "Hema bovu hili! Nani amelishona?"

Akatokea bwana mmoja aliyesawajika. "Mimi bosi. Nilikwambia mimi ni mtu wa mapazia. Pazia halinyeshewi."

"Siyo wewe, ni lile lijimashine! Lichuma chakavu lile, nililijua tu!"

"Lichuma lipi, Bosi?" akauliza Bi Subana.

Mchomeleaji akafunga maji ili asikie vizuri.

"Lile jeusi?" akaendelea. "La baba yangu? Lililoyeyushwa likawa masufuria?"

Wateja wakamtazama Marashi. Maji yalikuwa yakimdondoka kwenye ncha ya pua. Alipaswa kuchagua upesi, kati ya kuonekana mwizi na kuonekana mkarimu.

"Lichukue!" akafoka. "Liko nyuma ya matairi. Silitaki, limeniharibia jina, libebe uondoke nalo!"

"Sema tena, babu. Hawa wa nyuma hawakusikia."

Akasema tena, kwa meno. Wanaume wanne wakaenda kuileta, mchomeleaji akiwa wa kwanza, wakaipakia kwenye pikapu. Bi Subana akaifuta vumbi kwa upande wa nguo yake, akazungusha gurudumu kwa mkono mpaka lilipokohoa. Hapo ndipo aliposema, "Sasa tusubiri jua."

Jua lilikuwa kali. Saa sita hema lilikuwa limekauka kau. "Ingia wewe, baba," akamwambia daktari, "na mwagieni tena."

Wakamwaga kwa muda mrefu zaidi ya mara ya kwanza. Daktari akatoka, akageuka huku na huku. Hana hata unyevu.

"Turubai jipya la pamba lazima linyweshwe kwanza," akasema Bi Subana, akiwaambia wateja huku akimtazama Marashi. "Uzi ukinywa maji unavimba, unaziba matundu ya sindano. Mara ya kwanza huvuja hata likishonwa na malaika. Hema hili ni zima. Bosi ndiye amelitukana bure."

"Na kwa nini hukusema?" Marashi sauti ilimkauka kuliko shati lake.

"Ungeniuliza mimi, mtu ninayechechemea?"

Watu walicheka. Wafanyakazi nao walicheka, na safari hii hakuna aliyefikiria mshahara.

Daktari akamvuta kando. "Haya shangazi. Lina thamani ya bei yake?"

"Chuma chake cha haki. Hema lake la haki, limeshonwa na baba yangu. Mlango unakula vumbi, na lile jiko ni la kupigia picha. Ondoa mlango, ondoa jiko, ondoa marashi. Inabaki nyumba ya chumba kimoja, choo nje. Mwambie akuwekee mpira mpya mlangoni, umpe hiyo. Akikataa, twende zetu."

Hakukataa. Mtu aliyelowa mbele ya wateja wake hana ubavu wa kupatana bei.

Wiki mbili zikapita. Huko karakana matela sita yalisimama uchi, vyuma vitupu, maana mashine ya kuyashonea mahema ilikuwa sasa dirishani kwa Bi Subana, ikiota jua. Mtu wa mapazia alikuwa amerudi kwenye mapazia. Marashi alimtuma karani, akarudishwa. Akamtuma mke wake, akapewa maji ya kunywa, akarudishwa. "Mwambieni aje mwenyewe," akasema Bi Subana, "na mzigo aubebe yeye."

Akaja. Alitembea kutoka barabarani na bunda la turubai kichwani, shingo imezama mabegani. Majirani wakatoka wote kana kwamba kuna ngoma. Bi Subana alimwonyesha kiti cha mbao, kifupi, kinachomfanya mtu mzima apandishe magoti mpaka masikioni.

"Kaa hapo. Nitakushonea. Ila kwanza ujifunze mali yako inavyotengenezwa. Ikifika mshono wa kumi na saba, mashine itakohoa. Uhesabu kwa sauti. Ukikosea, tunafumua tunaanza upya."

"Mama, tafadhali..."

"Hesabu."

Mguu ukakanyaga, sindano ikashuka. "Moja," akasema Marashi. "Mbili." Majirani wakasogea. Kufika kumi, jasho lilikuwa linamtoka. Kumi na tatu, kumi na nne. Alikuwa ameinama, ametega sikio, anaomba kikohozi kije yaishe.

"Kumi na sita," akasema.

Bi Subana akanyanyua mguu, mashine ikasimama kabla ya kukohoa. Akaivua subana, akaiweka juu ya turubai, akajinyoosha kidole kilichokuwa kimekunjamana kwa miaka mitatu, akaenda zake jikoni kuchemsha chai.