Polandi wa Kitengela

Pale Kitengela walimwita Polandi, ingawa alikuwa Mkamba wa Machakos, jina lake Muema, na huko Polandi kwenyewe hakukaa hata mwezi. Jina lilimganda mwaka wa 1996, aliporudi kutoka mashindano ya mji ambao mwenyewe hajawahi kuutamka sawasawa mpaka leo. Alirudi na medali ya shaba, koti la kijani na pengo la jino la mbele. Watoto wa kwao Machakos walipomuuliza jino limeenda wapi, aliwajibu, "Liko Polandi." Basi ikawa hivyo, na jina likahamia naye Kitengela.

Kuna watu hudhani mbio za mita mia nane ni mchezo wa waungwana. Wawaulize waliozikimbia. Baada ya kona ya kwanza kila mmoja huacha mstari wake, wote wakagombea ule wa ndani, na hapo ni viwiko, mabega na misumari ya viatu. Miundi ya Muema ilikuwa imechanjwa makovu kuanzia gotini. Lile jino liling'olewa na kiwiko cha Mpolandi mmoja, jitu la nywele za rangi ya nyasi kavu, ambaye walipomaliza alikuja kumkumbatia. Muema, mdomo umejaa damu, alicheka naye, maana alizipenda mbio hizo na ukali wake. Zaidi ya yote alipenda kumfuata mtu kwa nyuma, begani kabisa, akizisikiliza pumzi zake hadi zianze kukatika, kisha ammalize wakiwa karibu na utepe. "Mtu akichoka, shingo ndiyo husema kwanza," alizoea kumwambia mkewe, Mbeke, ambaye hakuona elimu hiyo ingemfaa nini.

Umri uliposogea wakamfanya sungura, yaani yule anayetangulia kwa kasi ili kuwavuta wenye majina makubwa, kisha anatoka nje kabla ya mwisho. Sungura wa hadithi ni mjanja, lakini huyu wa mbioni huumia ili wenzake wasifiwe. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mwaka wa 1999 kisigino kiligoma, Muema akastaafu, akafungua duka la chakula cha kuku Kitengela, jirani na bucha ya Parmuat. Huyo Parmuat alikuwa Mmaasai mnene, mcheshi, na ndiye rafiki wa kwanza ambaye Muema alimpata mjini.

Miaka hiyo wezi walikuwa wamewachosha watu. Nyumba zilivunjwa mchana, na mwalimu mmoja alipigwa risasi mlangoni pake. Kila mtu alitembea na hasira yake tayari, akingoja tu wa kummwagia.

Jumamosi moja ya mwaka wa 2001, Nyaguthii, muuza mboga, alipiga mayowe sokoni kwamba amenyang'anywa mkoba. Kijana wa shati jekundu akapita mbele ya duka kama mshale. Mwili wa Muema uliinuka kabla akili haijaulizwa. Alimfuata kijana, wakapita kichinjio, wakaruka waya wa ploti za watu, wakatokea uwandani. Angeweza kumkamata mapema. Hakumkamata. Alikaa begani mwake akizisikiliza zile pumzi, na lazima isemwe kwamba alifurahi, kwa vile miaka miwili alikuwa hajasikia utamu huo. Shingo ya kijana ilipolegea, akamvuta kola, akamwangusha, akamkalia mgongoni.

"Mzee, usiwapee," kijana alisema, uso kwenye udongo mweusi. "Nipeleke polisi. Nakuomba."

"Utajieleza kwao," Muema alimjibu. Alidhani watampiga makofi mawili matatu.

Umati ukafika. Jiwe la kwanza lilivunja taya. La pili lilikuwa jiwe la kujengea, na lilihitaji mikono miwili kuinuliwa. Marungu yalishuka, mtu akakanyaga vidole vya kijana kimoja kimoja, na Muema aliposema inatosha, hakuna aliyegeuka. Tairi likaletwa, mafuta ya taa yakaletwa. Nyaguthii alifika wa mwisho, akihema, wakampisha atazame kama ndiye. Alitazama. Alisema hawezi kujua, kwa sababu uso wenyewe haukuwepo tena. Kiberiti kikawashwa hivyo hivyo.

Muema alibebwa juu juu hadi kwa Parmuat, akakatiwa nyama choma, wakubwa kwa wadogo wakimpongeza. Alitafuna pande la kwanza. Moshi wa tairi ulikuwa bado puani mwake, akatoka nje akatapika.

Tangu siku hiyo, kukipigwa kelele za mwizi, watu walikimbilia kwanza duka la chakula cha kuku. Muema alisingizia kisigino, akafunga duka, akajificha chooni. Alijiona mwoga, akajichukia.

"Baba Mwongeli," Mbeke alimwambia siku moja, akimwita kwa jina la binti yao, "hao wanauliwa wewe ukiwa ndani ya choo. Sasa hiyo inasaidia nani?" Neno hilo lilimkaa.

Mwaka wa 2004, siku ya soko, mchana kweupe, mwanamume mmoja alinaswa na mbuzi wawili wa Naipanoi, mjane ambaye kila mtu alimjua. Mbuzi walikuwa miguu imefungwa, ndani ya gunia, wakilia. Hapakuwa na ubishi. Yule bwana akachomoka.

"Polandi, toka! Huyu ni wako," Parmuat alimwita kutoka buchani. "Siku za mwizi ni arobaini."

Muema alitoka. Umati ulimfungulia njia kwa vifijo. Kisigino kilimchoma kama msumari, lakini kufikia kona ya soko alikuwa begani mwa yule mtu, na yule mtu akageuka na kisu. Kiliingia mkononi mwa Muema, kikauchana kuanzia kiwiko hadi kiganja.

"Tupa kisu unifuate," Muema alimwambia, damu ikimtoka. "Ukisimama wanakuchoma. Angalia mgongo wangu peke yake."

Mwizi akakitupa, Muema akatangulia. Hakuenda mbio zake, alienda mbio ambazo mwizi aliyechoka angeziweza. Alipohisi pumzi za nyuma zinabaki, alipunguza, zilipokaribia, aliongeza. Alimvuta hivyo, wakipinda nyuma ya maduka kuelekea kambi ya polisi. Umati ulichelewa kuelewa. Ulipoelewa, mawe yaliacha kumlenga mwizi peke yake. Moja lilimpasua Muema sikio, lingine likampiga mgongoni akapepesuka, akaendelea.

Askari alifungua lango kidogo. Muema alimsukuma mwizi ndani. Askari akauona umati unavyokuja, akaogopa, akapiga komeo. Muema akabaki nje, mgongo kwenye chuma.

"Kumbe analinda wezi!"

Walimwangukia. Alijikunja akakinga kichwa kwa mikono, mikono ikavunjwa. Sauti alizitambua zote, nyingi zikiwa za wateja wake. Kupitia damu aliona mpini wa shoka la kukatia mifupa ukiinuka, akaona na mkono ulioushika, ukashuka gotini mara mbili. Goti lilitoa mlio wa kuni kavu. Ndipo askari alipofyatua risasi hewani na watu wakatawanyika.

Mwizi alifungwa. Muema alilazwa Kajiado, goti likatiwa vyuma, na daktari akamwambia halitakunjika tena. Kila siku Parmuat alipanda gari kutoka Kitengela na chupa ya supu ya mifupa. Alikaa kando ya kitanda akizungumzia bei ya ng'ombe na ukame. Siku moja maneno yalimwishia.

"Polandi," alisema. "Ni mimi nilikuvunja."

"Najua. Niliona mkono."

Parmuat aliinamisha kichwa. "Na umekuwa ukikunywa supu yangu siku hizi zote?"

"Nikitoka hapa narudi Kitengela," Muema alisema. "Kama si yako, nitakunywa ya nani? Wote mlikuwepo."

Parmuat alilia bila kujificha, mtu mzima, wagonjwa wakimtazama. Kisha akapangusa uso, akamimina supu na kumshikia kikombe mdomoni, maana mikono ya Muema yote miwili ilikuwa bado kwenye plasta.