Petroli Uani kwa Mama Mkwe

Mke wangu Sekunda alikwenda kujifungua kwao ziwani, maana alikuwa mzazi wa mara ya kwanza na mama yake alitaka kumlea mwenyewe. Binti yetu Upendo alipokaza shingo, mama mkwe akapiga simu: njoo uwachukue. Mama yangu huko Mkumbi naye kila Jumapili aliuliza mjukuu analetwa lini. Basi la kwenda Mbamba Bay lilikuwepo. Nikachagua pikipiki, kwa sababu mimi ni fundi pikipiki pale Mbinga mjini, na nilitaka wakwe wamwone fundi akiwasili juu ya chombo chake.

Chombo chenyewe ni cha zamani, na kabureta yake ilikuwa ikivuja tangu mahindi yakiwa machanga. Kila asubuhi nilikuta doa la petroli chini yake, nikajiambia leo nitaifungua, kisha mteja akafika na siku ikaisha. Nilijua tatizo. Ndani ya kabureta mna sindano ndogo inayofunga njia ya mafuta pale boya linapopanda. Ya kwangu ilikuwa imelika. Mpya niliyokuwa nayo nilimfungia mwalimu mmoja wa Ukata aliyekuwa na haraka. Pikipiki yangu niliipaka sabuni ya mche kwenye maungio ya kabureta, huku nikijua kabisa kwamba sabuni huziba ufa, haizibi sindano.

Asubuhi ya safari nilifunga nyuma mfuko wa unga wa ulezi, zawadi ya mama yangu kwa mzazi, nikaondoka kungali na ukungu juu ya mibuni. Lami ya kuteremkia ziwani ni nzuri na ina kona nyingi. Kwenye kona mojawapo nikasikia harufu ya petroli, nikatazama chini: mguu wa suruali umelowa. Nikasimama, nikagonga kabureta kwa kishikio cha bisibisi mpaka ikaacha kudondosha. Mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi kando ya barabara akaniuliza, "Kaka, mbona inavuja?"

"Inapumua tu, mama," nikamjibu, nikapiga teke la kuwasha.

Mbamba Bay niliiacha lami, nikashika njia ya vumbi inayofuata ufuo kuelekea upande wa Liuli. Ziwa lilikuwa kushoto kwangu, limetulia. Njia ile inatikisa kila kilicholegea, na tangi la zamani halikosi kutu. Kila shimo nililopita lilikuwa likiteremsha kutu kwenye kabureta, nami niliona ziwa tu.

Mchana nilifika. Mama mkwe alitoka nje akijifuta mikono kwenye kitenge.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu nyumbani. Weka chombo kivulini, jua kali."

Nikakiweka chini ya upenu, nikafunga koki ya tangi. Koki nayo ilikuwa imechoka, ikifungwa bado inapitisha mafuta. Hilo pia nilikuwa nalijua. Ua ule unateremka kuelekea ziwani. Hatua chache chini ya upenu usipa, dagaa wa ziwa lile, walikuwa wameanikwa juu ya wavu mkuukuu, na kando yao, penye kivuli cha ukuta, Upendo alikuwa amelala juu ya mkeka. Nilimtazama weee, kisha nikaitwa ndani kula.

Tulikula ugali wa muhogo na usipa wabichi wa kukaanga. Mama mkwe akauliza, "Chombo hakikusumbua njiani?"

"Hapana, mama. Changu nakijua."

Baada ya kula alikwenda kwa jirani kuchukua makaa ya kuwashia jiko la chai. Sekunda akatoka kumwangalia mtoto. Ndipo nikasikia akipiga kelele: "Mama! Simama hapo hapo! Usije na moto!"

Nilitoka mbio. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni mwa ua, kigae cha makaa mekundu mkononi. Petroli ilikuwa imefanya mfereji mwembamba kutoka kwenye pikipiki, ikapita chini ya usipa, ikaingia ukingoni mwa mkeka. Sekunda alikuwa amemkumbatia Upendo. Pindo la khanga ya mtoto lilikuwa likidondosha.

Hakuna aliyenitukana. Mama mkwe alirudi nyuma polepole, akamwaga makaa mbali na kuyafukia mchangani. Aliporudi aliokota samaki mmoja, akamnusa, akamrudisha. Usipa wale alikuwa amewakausha kwa ajili ya mama yangu. Tuliwamwaga mbele ya bata, nao bata wakageuka wakaenda zao.

"Baba," akaniuliza kwa upole, "kwani kazi yako si hii hii ya pikipiki?"

"Ndiyo, mama."

"Haya."

Niliisukuma pikipiki hadi ufuoni, mbali na watu, nikaifungua. Nilikuta chembe za kutu chini ya sindano, na ncha yake ina mfuo. Nilimimina petroli yote kwenye dumu, nikatia kokoto ndani ya tangi na kulitikisa mpaka kutu ikatoka, nikalisuuza, nikaisugua sindano taratibu, nikarudisha kila kitu. Kisha nikatandika boksi kavu chini yake na kukaa kulitazama. Hadi jua linazama halikupata hata tone. Kazi ya alasiri moja tu.

Kesho yake Sekunda alikuja huku amembeba mtoto mgongoni. "Baba Upendo, sisi tutapanda basi."

"Nimeshaitengeneza."

"Najua. Ila mama hawezi kututazama tukipanda hiyo. Na mimi pia siwezi."

Sikubisha. Nilipoaga, mama mkwe alinipa mfuko wa usipa wengine, alionunua alfajiri kwa wavuvi. "Mpelekee mama yako. Mwambie ulezi umefika." Nilipokea kwa mikono miwili, sikuweza kumtazama usoni.

Njia yote ya kupanda milima nilikuwa nyuma ya basi lao, nikila vumbi kwanza na baadaye moshi. Tulipofika Mkumbi, mama yangu alimpakata mjukuu wake, akauliza habari za safari. Nilitaka kusema njema. Nikamweleza yote. Alinisikiliza, kisha akauliza jambo moja tu: "Na mtoto alikuwa wapi?"

"Juu ya mkeka, mama."

Akamvuta Upendo kifuani.

Kabureta yangu sasa ina sindano mpya. Na mteja akiniletea pikipiki inayovuja, akasema ana haraka, ataileta siku nyingine, simwulizi inavuja tangu lini. Namwuliza huwa anailaza wapi, na nani hulala karibu.